Ukiambiwa ‘chanya’, usiifunge karatasi kwenye pindo la kanga

Jirani yangu anauza chapati na supu karibu na kituo cha daladala, huku kwetu Kigamboni. Ana miaka 38 na watoto watatu. Mwaka jana alipita kwenye hema la uchunguzi wa bure wa saratani ya mlango wa kizazi, siku ambayo muziki ulikuwa unapigwa na wanawake wamepanga foleni tangu asubuhi. Alipimwa. Akapewa karatasi, akaambiwa: “Mama, wewe ni chanya. Utafika kituoni siku nyingine uonane na daktari.” Kisha akaitwa mwingine.

Aliifunga ile karatasi kwenye pindo la kanga akarudi kukanda unga. Baadaye akaihamishia chini ya godoro. Ilikaa huko miezi mitano bila mtu yeyote nyumbani kujua.

Hakuja kwangu kuniuliza habari za karatasi. Alikuja kwa sababu anajua naandika mambo ya afya gazetini, akitaka kujua kama unga fulani wa “kusafisha kizazi” aliouziwa na mwanamke mmoja sokoni unafaa kuwekwa ukeni usiku au asubuhi. Nilipomuuliza ana tatizo gani hasa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Dada, mimi nimeathirika. Nilipimwa nikaambiwa chanya.”

Nikamuuliza alipimwa nini. Akasema kizazi. Nikamwambia alete karatasi. Haikuhusu Virusi vya Ukimwi hata kidogo. Ilikuwa imeandikwa kwamba kipimo cha siki kwenye mlango wa kizazi kimeonyesha mabadiliko, arudi kwa matibabu. Kwa miezi mitano mama huyu alikuwa amejihukumu kwa ugonjwa ambao hakupimwa, huku ule uliomhitaji hospitali ukisubiri.

Kwa miaka mingi mimi na wenzangu tumeandika tukihimiza kina mama wakapime. Leo nakiri kwamba tumekuwa tukiishia njiani. Tunamfikisha mwanamke mlangoni kwa nesi, tunamwacha hapo. Maneno machache anayoambiwa baada ya kupimwa, na wiki zinazofuata, ndiyo yanayoamua kama kipimo kimemsaidia au kimemtia hofu tu. Kipimo kisicho na marejeo hakijaokoa mtu.

Chanya ya nini?

Katika masikio ya Mtanzania, neno “chanya” lina maana moja. Tumelifundisha wenyewe kwa zaidi ya miaka 30 ya kampeni za Ukimwi. Kwa hiyo mhudumu anapomwambia mama “wewe ni chanya” bila kuongeza neno, asishangae mama akielewa kitu kingine.

Magazeti nasi tuna kosa letu. Tumezoea kuandika kwamba mwanamke amekutwa na “dalili za awali za saratani”. Msomaji akisoma hivyo anaona saratani imeshaanza. Sivyo. Kinachotafutwa kwenye uchunguzi huu ni mabadiliko ya seli ambayo yakiachwa miaka mingi yanaweza kuja kuwa saratani. Mama mwenye mabadiliko hayo mara nyingi haumwi popote, hatoki damu, wala hajakonda. Ndiyo maana anatafutwa kwa kipimo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Muuguzi hufungua uke kwa kifaa maalumu, hupaka kwenye mlango wa kizazi siki iliyozimuliwa, jamaa ya ile ya jikoni, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Sehemu yenye seli zilizoanza kubadilika hugeuka nyeupe. Akiona weupe wa aina hiyo, huandika chanya. Asipouona, huandika hasi.

Weupe huo si saratani. Mara nyingine hauna hata uzito mkubwa, kwa sababu uvimbe wa kawaida au maambukizi mengine yanaweza kumchanganya anayeangalia. Siki ni kipimo cha gharama ndogo kinachotoa jibu papo hapo, lakini si kamilifu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza nchi zihamie kwenye kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe vya papiloma, maarufu kwa kifupi HPV, na hicho kimeanza kutumika katika baadhi ya vituo nchini. Kwa kipimo hicho mwanamke anaweza hata kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba.

Ukiambiwa una HPV, nalo si jibu la saratani. Watu wengi waliowahi kujamiiana hupata virusi hivi wakati fulani maishani, na kwa wengi mwili huviondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Wasiwasi uko kwa wachache ambao virusi hubaki mwilini mwao miaka na miaka. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye Virusi vya Ukimwi ambaye hajatibiwa, inaweza kuwa miaka mitano hadi 10.

Kwa hiyo ukiambiwa chanya, swali lako la kwanza kwa mhudumu liwe hili: “Chanya ya nini?” La pili: “Natakiwa nifanye nini, lini, na wapi?” Usinyanyuke kwenye kiti kabla hujajibiwa yote mawili. Si utovu wa adabu. Ni haki yako.

Kinachofuata hospitalini

Baada ya jibu la chanya kuna njia tatu.

Ya kwanza ndiyo wengi huipitia. Weupe ni mdogo, unaonekana wote, haujaingia ndani kwenye njia ya kizazi, na hakuna kinachomtia mhudumu shaka ya saratani. Hapo hutibiwa kwa kuunguza au kugandisha sehemu ile tu. Tiba ya joto hutumia kifaa chenye ncha ya chuma iliyopashwa hadi karibu nyuzi 100. Kinagusishwa kwenye mlango wa kizazi kwa chini ya dakika moja, na huenda kikarudiwa mara chache. Tiba mgando hutumia gesi ya baridi kali: dakika tatu kugandisha, tano kuachia, tatu kugandisha tena. Utasikia maumivu kama ya hedhi, pengine na joto tumboni. Hulazwi. Unashuka kitandani, unapumzika kidogo, unarudi kwako kwa miguu yako. Mahali penye vifaa, hili linaweza kufanyika siku ile ile uliyopimwa.

Ya pili ni pale ambapo weupe ni mpana, unafunika zaidi ya robo tatu ya mlango wa kizazi, au umeingia ndani usionekane mwisho wake. Hapo utapelekwa hospitali kubwa zaidi, ambako sehemu hiyo hukatwa kwa waya mwembamba wenye umeme baada ya sindano ya ganzi. Wataalamu huita njia hiyo kwa kifupi LEEP. Kipande kilichotolewa hupelekwa maabara. Kupewa rufaa ya namna hii hakumaanishi kwamba una saratani. Kunamaanisha kwamba kifaa kidogo cha kituoni kisingefika pote.

Ya tatu ni pale mhudumu anapoona kitu kinachomtia shaka: kidonda, uvimbe, au sehemu inayovuja damu inapoguswa. Hapo hakuunguzi kwanza. Anatakiwa akuchukue kinyama kidogo kipimwe maabara, au akutume mahali kinapoweza kuchukuliwa. Usikubali kuunguzwa “kwa kujaribu” mahali penye shaka ya saratani, na usikubali jibu la kinyama lipotee. Uliza litatoka lini, chukua namba ya simu, na ulifuate mwenyewe.

Je, utazaa tena? Tiba ya joto na tiba mgando hazikuzuii kushika mimba. LEEP inaongeza kidogo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, kwa hiyo ukija kupata ujauzito mweleze mhudumu wa kliniki kwamba ulifanyiwa. Kama una mimba sasa, sema kabla ya kutibiwa, maana kwa kawaida matibabu haya husubiri ujifungue.

Wiki nne za nyumbani

Hapa ndipo panapoharibika mambo mengi, na ndipo tunapozungumza kidogo kuliko pengine pote.

Baada ya kuunguzwa au kugandishwa, mlango wa kizazi unabaki na kidonda kinachopona taratibu. Utatokwa na majimaji ukeni, pengine yenye damu kidogo, kwa wiki kadhaa. Vaa pedi au kitambaa safi. Usiingize kitu ukeni: si unga, si majani, si maji ya ndimu, si sabuni. Ile biashara ya “dawa za kusafisha kizazi” inayotangazwa sokoni na kwenye simu zetu haina nafasi hapa. Kizazi kinajisafisha chenyewe, na unga kwenye kidonda huleta maambukizi.

Rudi kituoni haraka ukipata homa, maumivu makali ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, au damu inayozidi ya hedhi yako.

Na usijamiiane kwa wiki nne hivi, au kama utakavyoelekezwa. Ikishindikana kabisa, tumia kondomu kila mara. Kidonda kile kinaurahisishia mlango ugonjwa wowote, Virusi vya Ukimwi vikiwemo, kuingia au kutoka.

Maagizo haya huandikwa kwenye karatasi ya mwanamke kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye uamuzi. Wanawake wangapi wa mitaa yetu wanaweza kurudi nyumbani jioni na kusema tu, “wiki nne, hapana”? Wengine huogopa kupigwa. Wengine huogopa kwamba mume ataitafuta njia nyingine. Wengine hukataa matibabu papo hapo, wakisema watarudi baada ya kuongea nyumbani, kisha hawarudi.

Kwa hiyo naomba niseme na kina baba wanaosoma ukurasa huu. Mkeo akikwambia amekutwa na mabadiliko kwenye kizazi, swali la “umeyatoa wapi?” halina jibu wala halisaidii. HPV huambukizwa kwa kujamiiana, ni kweli, lakini inaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Iliyoonekana leo inaweza kuwa ya kabla hamjaonana. Inaweza kuwa ilitoka kwako, na wewe hujawahi kuisikia ikikuuma. Hakuna daktari anayeweza kusoma kwenye mlango wa kizazi cha mtu jina la aliyeileta. Swali la mume mwenye busara ni fupi: “Unatakiwa kurudi lini? Twende wote.”

Ocean Road si mwisho wa safari

Kwetu Kigamboni kuna jambo la ajabu kidogo. Ukipanda pantoni ukashuka upande wa Feri, ukalipita soko la samaki na Ikulu, huna safari ndefu kabla hujafika kwenye geti la Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ni ng'ambo tu ya maji. Hata hivyo, kwa wengi wetu hakuna mahali palipo mbali kuliko hapo. Mtu akiambiwa “umeandikiwa Ocean Road”, mtaa mzima unaanza kumzungumzia kwa sauti ya msibani.

Hofu hiyo ina chanzo. Hospitali ile imesimama pale ufukweni tangu enzi za Wajerumani, na tangu 1996 ni taasisi ya taifa ya saratani. Kwa miaka mingi wanawake wengi wamekuwa wakifika pale ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, baada ya kupita kwa waganga na maduka ya dawa. Waliowasindikiza wamewazika. Hivyo jina la hospitali limebeba lawama ya kuchelewa kwetu.

Mambo mawili yasahihishwe. Kwanza, wanawake wengi wenye jibu la chanya hawahitaji kabisa kwenda Ocean Road, kwa kuwa hutibiwa kwenye kituo cha afya au hospitali ya karibu. Pili, Ocean Road ina kliniki ya uchunguzi kwa wanawake wasioumwa chochote. Kuonekana unaingia pale si tangazo la kifo. Na hata ikija kuthibitika kwamba ni saratani, ile iliyogundulika mapema hutibika na kupona, kwa upasuaji au mionzi.

Na anayekaa kimya?

Kuna wanaouliza: kama weupe huu mara nyingi si saratani, na kama mabadiliko madogo huondoka yenyewe, kwa nini tusisubiri tuone?

Swali hili liliwahi kujibiwa kwa gharama kubwa, mbali na hapa. Katika hospitali ya wanawake ya Auckland, New Zealand, kuanzia 1966 daktari mmoja bingwa, Herbert Green, aliamini kwamba mabadiliko makubwa ya seli kwenye mlango wa kizazi hayageuki kuwa saratani. Akawaacha baadhi ya wanawake bila matibabu kamili, akawa anawaangalia tu. Wao hawakuambiwa. Mambo yalifichuliwa na jarida moja mwaka 1987, serikali ikaunda tume, na ripoti yake ya 1988 ilibadilisha haki za wagonjwa nchini humo. Miaka 20 baadaye watafiti walikusanya kumbukumbu za wanawake wale. Kati ya waliokuwa na mabadiliko makubwa yasiyotibiwa, takriban 31 kwa kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa vizuri tangu mwanzo, hawakufika hata mmoja kwa kila 100.

Somo nililochukua mimi kutoka kwenye hesabu hizo lina sehemu mbili. Wale 69 wengine wanatuambia kwamba chanya si hukumu ya kifo, hata kwa mwenye mabadiliko makubwa. Wale 31 wanatuambia kwamba karatasi iliyo chini ya godoro ni kamari. Na tiba ya kuiondoa kamari hiyo ni dakika chache.

Sisi hatuna haja ya kwenda New Zealand kuona matokeo. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Gawanya kwa siku utaona: kila siku, wanawake wasiopungua 16.

Hesabu inayosomwa jukwaani

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna tunavyoendesha mambo.

Siku ya kilele cha kampeni, mgeni rasmi husomewa idadi ya wanawake waliopimwa. Watu hupiga makofi. Mara chache sana nimesikia ikisomwa idadi ya waliokutwa chanya, na sijapata kusikia ikisomwa idadi ya wale waliokutwa chanya wakatibiwa. Lakini lengo la dunia, ambalo Tanzania nayo imelikubali, halikomei kwenye kupima. Ifikapo 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo bora, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Namba ya tatu ndiyo inayozuia makaburi.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

La kwanza, hema la uchunguzi lisifunguliwe mahali ambapo hakuna kifaa cha kutibu siku ile ile. Vifaa vya tiba ya joto ni vidogo na vingine hutumia betri, vinabebeka kwenye begi. Mama aliyetoka Kimbiji au Pemba Mnazi amelipa bodaboda, ameacha biashara na mtoto kwa jirani. Kumwambia “rudi siku nyingine” ni kumtuma akatafute nauli ya pili na ruhusa ya pili.

La pili, maelezo yaanze kabla ya kipimo. Najua wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu. Nesi mmoja hawezi kukaa nusu saa na kila mama. Lakini vituo vyetu tayari vina desturi ya somo la afya asubuhi, wagonjwa wakiwa kwenye mabenchi. Dakika 10 za somo hilo zitumike kueleza chanya maana yake nini, tiba ikoje na wiki nne ni za nini. Mama akiitwa ndani, jibu litamkuta amejiandaa.

La tatu, anayetakiwa kurudi afuatwe na mtu. Miaka michache iliyopita, utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Kilimanjaro uliwatumia wanawake waliokutwa na HPV ujumbe wa simu wa kuwaelimisha na kuwakumbusha. Waliotumiwa ujumbe hawakurudi kwa wingi kuliko wale ambao hawakutumiwa, na katika makundi yote mawili wengi hawakurudi. Simu inamkumbusha mtu tarehe, lakini haimpi nauli, haimwondolei hofu, wala haiongei na mume. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaojua nyumba hadi nyumba. Wapewe kazi hii, kwa siri na kwa heshima, bila kumtangaza mtu mtaani.

Ukitaka kuanza

Kwa mwanamke asiye na Virusi vya Ukimwi, umri wa kuanza uchunguzi ni miaka 30. Mwenye virusi anatakiwa aanze mapema zaidi na kupimwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yake ya kupata saratani hii ni takriban mara sita ya mwenzake. Kama unahudhuria CTC, ulizia huko huko. Uchunguzi katika vituo vya umma hutolewa bila malipo, ila ukipewa rufaa ya LEEP au kinyama, uliza gharama mapema ili zisikukute dirishani. Nenda siku ambayo huko hedhini. Ukitibiwa, rudi baada ya mwaka mmoja kuangaliwa tena, hata kama unajisikia mzima. Na ukitokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, usisubiri kampeni. Nenda kesho.

Kwa mzazi mwenye binti, jibu lako la chanya halirithiwi naye. Ila liwe sababu ya kuhakikisha amechanjwa. Chanjo ya HPV ilizinduliwa kitaifa Aprili 2018 hapo Mbagala, ikianza na wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haiharibu kizazi. Kinachoharibu kizazi ni ugonjwa inaouzuia. Na binti aliyechanjwa, akifika umri, naye atapimwa kama wengine, maana chanjo haizuii aina zote za virusi.

Jirani yangu alirudi hospitali. Alimwambia mumewe kwanza, usiku, nami nilikuwa nimemsaidia kupanga maneno. Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza nauli ni kiasi gani. Walipofika, weupe ulikuwa umeingia ndani, kwa hiyo kituo hakikuweza kumtibu na akapewa rufaa ya kukatwa kwa waya. Alifanyiwa. Jibu la maabara lilipotoka, lilisema ni mabadiliko makubwa, bado si saratani, na yameondolewa yote.

Hakuna anayejua kama ile miezi mitano ilimwongezea safari. Pengine siku ya hema angemalizwa pale pale kwa dakika moja ya joto, pengine sivyo. Ninachojua ni kwamba wanawake wengine walipewa karatasi siku ile ile, kwenye foleni ile ile. Kama wewe ni mmoja wao, inua godoro. Hiyo karatasi inasema rudi.